Kumhudumia mgonjwa wa Parkinson nyumbani: anza na saa ya kidonge

Kwenye bahasha ya dawa huandikwa 1×3, na aliyeko dirishani husema "kutwa mara tatu". Nyumbani hilo hueleweka kuwa asubuhi, mchana na usiku, baada ya kula, kama dawa nyingine zote. Kwa levodopa, dawa kuu ya Parkinson, hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mzee anameza kidonge juu ya chai ya maziwa na kiporo cha maharage, mwili unabaki umekakamaa hadi mchana, na baada ya miezi miwili ukoo unakubaliana kwamba dawa ya hospitali imeshindwa. Ukweli ni kwamba dawa haikupata nafasi ya kufika kwenye ubongo.

Haya yameandikwa kwa ajili ya mtu anayemhudumia mgonjwa nyumbani, iwe Mbeya mjini, Tukuyu, Mbozi, Makete au Mufindi, ambako daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu hayuko jirani. Dozi anapanga daktari. Saa, chakula, sakafu na kitanda ni kazi yenu, na kazi hiyo ni nusu ya tiba.

Kwanza, hakikisheni ndiyo Parkinson

Ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kuanza mwendo na kuuendesha kwa ulaini. Katika Parkinson seli hizo hufa polepole kwa miaka mingi, na dalili zinapoonekana wazi sehemu kubwa imeshapotea. Dalili isiyokosekana ni uzito wa mwendo: kufunga vifungo vya shati kunachukua muda, mwandiko unazidi kuwa mdogo, mkono mmoja hautupwi anapotembea. Pamoja na hiyo lazima kuwe na mtetemeko wa mkono uliotulia au ukakamavu wa misuli. Mara nyingi huanza upande mmoja. Wapo wagonjwa wasiotetemeka kabisa, na hao ndio wanaochelewa zaidi kugunduliwa kwa sababu watu husema ni uzee tu.

Mwombe mzee agonganishe kidole gumba na cha shahada haraka haraka, huku akivipanua vidole kadiri awezavyo, kama mara 15. Kwenye Parkinson mwendo huanza vizuri, kisha upana unapungua, vidole vinakwama, vinaendelea kwa shida. Linganisha mikono yote miwili. Mkono unaotetemeka pale tu anaponyanyua kikombe, lakini ukitulia mapajani nao unatulia, mara nyingi ni ugonjwa mwingine ambao levodopa haiusaidii.

Picha ya CT scan haithibitishi Parkinson; hutafuta kiharusi, uvimbe au maji kichwani. Kabla hamjauza ng'ombe kwa ajili ya picha, muulizeni daktari anatafuta nini.

Dalili nyingine hutangulia kwa miaka: kutosikia harufu, kufunga choo, kupiga kelele na kurusha mateke usingizini. Hajalogwa, wala hakuna aliyemtupia kitu. Daktari James Parkinson wa London aliuandika ugonjwa huu mwaka 1817. Watafiti walipopita kaya kwa kaya wilayani Hai, Kilimanjaro, walikuta wengi wa waliokuwa nao hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini. Huku kwetu wapo vilevile.

Dawa zinazoleta Parkinson au kuizidisha

Kagueni mfuko wote wa dawa za mzee. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika, ambayo wengi wanaijua kama Plasil, huziba milango ya dopamini. Vivyo hivyo haloperidoli na klopromazini (Largactil), ambazo ni dawa za magonjwa ya akili, pamoja na Stemetil na prometazini. Sinarizini (Stugeron), inayouzwa sana kwenye maduka ya dawa kwa ajili ya kizunguzungu, nayo inaweza kumfanya mzee mwenye afya akakamae na kutetemeka. Ikiwa dalili zilianza baada ya dawa mojawapo ya hizi, mwelezeni daktari kabla hajaandika levodopa, kwa maana huenda tiba ni kuiondoa hiyo. Msiiondoe wenyewe, hasa za magonjwa ya akili.

Andikeni majina haya kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kliniki, na kila mzee anapolazwa kwa sababu nyingine, malaria au kuvunjika, muonyesheni muuguzi. Sindano ya Plasil ikichomwa usiku wodini, kesho yake hanyanyuki kitandani. Akihitaji dawa ya kutapika, mkumbusheni daktari kuwa ipo domperidoni, ila aangalie kwanza hali ya moyo.

Benzeksoli (Artane) ni ya bei nafuu, inapatikana kwa urahisi na hupunguza mtetemeko, ndiyo maana huandikwa sana. Kwa mtu aliyepita miaka 65 huwa inaleta zaidi hasara: kusahau, kuchanganyikiwa, mkojo kugoma, choo kuwa kigumu. Mzee anayeanza kuona watu wasiokuwepo huku anatumia benzeksoli arudishwe kwa daktari haraka, ipunguzwe taratibu.

Levodopa: namba, saa na chakula

Levodopa ikifika kwenye ubongo hugeuka dopamini. Ikimezwa peke yake, nyingi hugeuka njiani na kuleta kichefuchefu, kwa hiyo huchanganywa na karbidopa au benserazidi ili kuizuia isigeuke mapema. Vidonge vya kawaida ni vya miligramu 100 za levodopa na 10 za karbidopa, 100 na 25, au 250 na 25. Baadhi ya watengenezaji huandika jumla kwenye boksi: 110, 125, 275. Kujua hesabu hii kutawaokoa pale duka linapokuwa na boksi tofauti na la mwezi uliopita.

Mwili unahitaji karibu miligramu 70 hadi 100 za karbidopa kwa siku ili kazi ya kuzuia ifanyike sawasawa. Anayekunywa 110 mara tatu anapata 30 tu, na anayekunywa 125 mara tatu anapata 75. Mzee akitapika mfululizo kwenye 110, kabla ya kusema dawa haimpatani muulizeni daktari kama anaweza kuhamia 125. Kiasi cha levodopa ni kilekile.

Kwa kawaida daktari huanza na nusu kidonge cha 125 mara mbili au tatu kwa siku, kisha hupandisha kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Msikate tamaa mapema. Mtu ambaye hajafikia angalau miligramu 600 za levodopa kwa siku, kwa saa sahihi na kwa wiki kadhaa, haijathibitika kwamba dawa imemkataa.

Protini ikisagwa tumboni huwa amino asidi, nazo hupita njia ileile ya levodopa, kwanza kwenye utumbo halafu kwenye mpaka wa damu na ubongo. Zikijazana, dawa inabaki nje. Kidonge kimezwe nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula, au saa moja na nusu hadi mbili baada ya kula, kwa glasi nzima ya maji na akiwa ameketi wima. Ratiba inayowezekana kwenye nyumba zetu ni hii: kidonge saa 12 asubuhi akiwa bado kitandani, chai saa 1, kidonge saa 6 mchana, chakula saa 7, kidonge saa 12 jioni, chakula cha usiku saa 1. Wekeni kengele tatu kwenye simu. Hata kitochi kinaweza. Robo saa ya kuchelewa si kitu, ila saa moja na nusu mwili utaidai.

Wiki za mwanzo tumbo likichafuka, apewe kipande cha kiazi kilichochemshwa, ndizi mbivu au biskuti kavu pamoja na kidonge. Asipewe maziwa, mtindi, karanga wala yai. Hatumnyimi protini, maana atakonda na misuli itaisha. Tunaihamisha. Mchana ale wali, viazi, magimbi au ndizi na mboga za majani. Maharage, nyama, samaki na maziwa viende zaidi mlo wa usiku. Kwa familia ya Rungwe ambayo maziwa yapo kila saa, hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalolipa haraka. Mgonjwa ambaye bado yuko hatua za mwanzo na anaona dawa inashika vizuri hahitaji kuhamisha vyakula. Kutenganisha saa kunamtosha.

Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma hujifunga na levodopa. Vitenganisheni kwa saa mbili au zaidi.

Kidonge cha kawaida kinaweza kusagwa kwa mtu anayemeza kwa shida. Kile cha kutoa dawa polepole kisisagwe wala kutafunwa, maana dozi yote itamwagika kwa pamoja.

Levodopa isikatishwe ghafla. Akiikosa kwa siku kadhaa anaweza kupata homa kali, kukakamaa mwili mzima na kuchanganyikiwa, na hiyo ni dharura ya kumwahisha hospitali, si ya kusubiri asubuhi. Kwa hiyo akiba ya wiki mbili isiguswe. Vikibaki vya wiki tatu, anzeni kutafuta: piga simu kwanza kwenye famasia za mjini, soma jina na namba za kwenye boksi, ndipo mtume mtu. Vidonge vikipanda basi kutoka Mbeya kwenda Ludewa visafiri kwenye boksi lake, si kwenye bahasha ya karatasi.

Baada ya miaka kadhaa dawa huanza kuisha kabla ya kidonge kinachofuata. Hapo pia hutokea mwili kucheza-cheza, kujinyonganyonga na kutikisika kichwa na mabega. Familia hudhani mtetemeko umezidi na kuongeza kidonge, jambo linalouzidisha. Tazameni saa: kucheza-cheza kwa kawaida huja saa moja hivi baada ya kumeza, dawa ikiwa kileleni, mtetemeko na ukakamavu hurudi dawa ikiisha. La kwanza hutaka dozi ndogo zaidi, la pili hutaka dozi zisogezwe karibu au kuongezewa dawa kama entakaponi. Asiyewaeleza madaktari saa hizo anawalazimisha wabahatishe.

Kuna ushauri wa zamani kwamba levodopa "itunzwe" hadi mgonjwa azidiwe. Utafiti uliowalinganisha wagonjwa wa Ghana, waliochelewa sana kupata dawa, na wa Italia, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa matatizo haya hufuata umri wa ugonjwa na ukubwa wa dozi, si miaka ambayo mtu ametumia dawa. Kumwacha mzee akakamae miaka mitano ili kutunza dawa ni kumwibia miaka mitano mizuri.

Wengine huuliza kuhusu upupu, kwa sababu mbegu zake zina levodopa. Ni kweli zinayo, na zimefanyiwa majaribio kwa wagonjwa. Lakini kiasi hutofautiana mbegu hadi mbegu, hazina karbidopa, na anayechanganya unga wa upupu na vidonge anajiongezea dozi asiyoijua. Kama mtu ameshaanza, daktari aambiwe.

Miguu kugoma, kuanguka na baridi

Mlangoni, kwenye kona au penye nafasi finyu, miguu ya mgonjwa huganda kama iliyogundishwa sakafuni. Kosa la kila mtu ni kumvuta mkono. Ukimvuta, kiwiliwili kinatangulia, miguu inabaki, anaanguka kifudifudi. Simama pembeni yake, si mbele, na ongea taratibu: "Baba, tulia. Simama wima. Egemea kushoto… sasa kulia… haya, nyanyua mguu juu ya mguu wangu." Weka mguu wako mbele ya wake, kwa upana, auvuke. Kuvuka kitu kunaamsha njia nyingine ya ubongo ambayo ugonjwa haujaiharibu sana. Ndiyo maana mistari ya chaki au rangi sakafuni, yenye umbali wa sentimita 40 hadi 50, husaidia kwenye korido na mlango wa choo. Kuhesabu kwa sauti au kuimba pambio lenye mdundo husaidia pia. Kugeuka afanye duara pana. Kugeuka papo hapo kwa kisigino ndiko kunakoangusha.

Kunyanyuka kitini: asogee hadi ukingoni, avute miguu nyuma hadi chini ya magoti, ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu, kisha moja, mbili, tatu, asukume. Viti vya kuzama vya sebuleni havimfai. Fundi seremala atengeneze kimoja chenye mikono na urefu wa sentimita 45 hivi. Kwa choo cha kuchuchumaa, kigoda imara chenye tundu katikati na bomba la kushikilia lililochomekwa ukutani ni bora kuliko kiti cha plastiki, ambacho miguu yake hupanuka juu ya saruji yenye maji. Ndala zitupwe, avae viatu vyenye kushika kisigino.

Akisema anaona giza anaposimama, mpimeni presha akiwa amelala dakika tano, kisha akiwa amesimama dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, ndipo penye tatizo, na dawa za presha anazotumia huenda zinahitaji kupunguzwa. Wakati huohuo anywe glasi mbili za maji kwa mkupuo kabla ya kuamka, na akae ukingoni mwa kitanda kwanza.

Juni na Julai, Njombe, Makete na Uporoto hufika baridi kali, na misuli iliyokakamaa huzidi kukaza. Mvalisheni nguo nyepesi nyingi zenye zipu badala ya koti moja zito lenye vifungo. Blanketi la sufi juu ya nguo ya sufi humfunga kitandani asiweze kujigeuza. Tandikeni kipande cha satini katikati ya kitanda, kuanzia mabegani hadi mapajani, atateleza kwa urahisi. Jiko la mkaa lisilale naye chumbani hata liwe limebakiza majivu mekundu tu. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na mgonjwa huyu hata moshi wa kitu kinachoungua mara nyingi hausikii.

Kumeza, choo na sauti

Kukohoa anapokunywa, au sauti kuwa na majimaji baada ya kula, ni dalili kwamba chakula kinaelekea mapafuni, na nimonia ndiyo inayowaua wengi wenye Parkinson. Alishwe akiwa ameketi wima, kidevu kikiinama kidogo kuelekea kifuani, tonge dogo, mdomo uwe mtupu kabla ya jingine. Chai nyepesi ni hatari kuliko uji mzito. Mlo upangwe dawa ikiwa imeshika.

Choo kigumu huchelewesha dawa tumboni. Maji lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, isipokuwa daktari wa moyo au figo amekataza, papai, parachichi, mboga za majani na kutembea. Isipotosha, dawa kama laktulosi.

Sauti ikififia, kila siku avute pumzi na kusema "aaa" kwa nguvu kadiri pumzi inavyoruhusu, mara kumi, kisha asome gazeti au maandiko kwa sauti ya kumfikia mtu wa nje. Aliyekuwa kwaya asiondolewe kwaya. Na mwili uchoshwe: dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kumtoa pumzi, dawa ikiwa kazini. Vilima vyetu vinatosha; apande na mtu pembeni, kushuka ndiko kunakohitaji mkono.

Huzuni na wasiwasi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, vina dawa, na uso usiotabasamu hauna maana kwamba amewachukia. Anayetumia pramipeksoli, dawa nyingine ya Parkinson inayoiga kazi ya dopamini, aangaliwe fedha zake: dawa za kundi hilo huweza kumfanya mtu mtulivu aanze kubeti, kununua ovyo au kusukumwa na tamaa ya ngono asivyokuwa mwanzo. Si tabia mbaya, ni dawa, na ikipunguzwa taratibu na daktari hali hutulia.

Yaliyo mapya, na yanayowahusu

Upasuaji wa kuweka waya wa umeme ndani ya ubongo ulianza Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, na Marekani iliuruhusu kwa Parkinson mwaka 2002. Unawafaa zaidi wale ambao levodopa bado inawashika lakini inapanda na kushuka. Hauponyi wala hauzuii ugonjwa kusonga. Mwaka 2025 Marekani iliruhusu mashine zinazojirekebisha zenyewe kwa kusoma ishara za ubongo. Mwaka 2024 iliruhusu pampu ya kuingiza levodopa ya majimaji chini ya ngozi kwa saa 24. Vyote ni vya gharama kubwa na vinahitaji ufuatiliaji wa karibu.

Seli mpya za dopamini zilizokuzwa maabara zimepandikizwa kwa wagonjwa wachache Japani na Amerika ya Kaskazini, na matokeo ya mwaka 2025 yalionyesha usalama. Uwezo wake bado unapimwa. Yeyote anayewauzia "seli shina" leo kwa ajili ya Parkinson anawauzia kitu ambacho hakijathibitishwa. Eksenatidi, dawa ya kisukari iliyotazamiwa kupunguza kasi ya ugonjwa, ilishindwa kwenye jaribio kubwa lililochapishwa mwaka huohuo.

La karibu nasi zaidi ni la mwaka 2023: watafiti waliochunguza Wanigeria na watu wengine wenye asili ya Afrika waligundua badiliko kwenye jeni ya GBA1 linaloongeza hatari ya Parkinson, ambalo karibu halipo kabisa kwa Wazungu. Tanzania ni mojawapo ya nchi saba kwenye mradi mkubwa wa utafiti wa Parkinson barani Afrika. Mkiombwa damu au mahojiano kwa utafiti wenye kibali, ulizeni maswali yenu yote, kisha fikirieni kukubali.

Siku ya kliniki

Siku tatu kabla ya kwenda, chorea daftari mistari ya saa na mwandike kila saa: amemeza, amekula nini, amekakamaa, yuko sawa, anacheza-cheza. Chukueni video mbili fupi za simu, moja kabla ya kidonge cha asubuhi na nyingine saa moja baadaye, akitembea, akigeuka na kugonganisha vidole. Bebeni maboksi yote ya dawa, pamoja na za mitishamba. Dozi isirukwe kwa sababu ya safari au foleni; kidonge cha saa 6 na chupa ya maji viwe mfukoni mwa anayemsindikiza. Daktari ana dakika kumi, na video hizo mbili zitamwonyesha kile ambacho mzee, akiwa ameketi tu mbele yake, hawezi kumweleza.